Kipimo

Saa tatu na robo usiku, hospitali ya Ibra,
mashine nne zinazungusha damu za watu,
na mimi, Mwantumu Sekibo wa Pongwe,
nimesimama chooni na simu mkononi
naitazama mishumaa.

Si ya nta. Ile ya kwenye chati,
ya kijani bei ikipanda, myekundu ikishuka.
Usiku ule ilikuwa myekundu mitupu,
mmoja mrefu kuliko yote, kama mchirizi
mtu akichomoa sindano vibaya.
Riali elfu moja na mia mbili.
Nilikuwa nimechukua mkopo juu yake, mara ishirini,
kwa hiyo soko halikuhitaji kuanguka.
Lilipiga chafya tu.

Nikanawa mikono, sekunde ishirini, kama tulivyofundishwa.
Nikarudi wodini.

Bwana Muhanna, kitanda cha tatu,
Kiswahili chake cha Mkunazini hakijaota kutu
miaka hamsini na kitu tangu avuke,
akafungua jicho moja: "Je, imepanda?"
Yeye naye anazo zake, kanunua kwa pensheni,
mjukuu ndiye anayebonyeza.
"Imelala, bwana."
"Imelala au imezikwa?"
Nikamfunga mkanda wa presha, nikajaza upepo
mpaka akasema basi we, wanivunja mkono.

Asiyekubali kushindwa si mshindani.
Sawa. Lakini aliyesema
hakutaja ni riali ngapi.

Kesho yake nikanunua daftari kwa Mmalayali, baisa mia mbili.
Ukurasa wa kwanza niliandika uongo:
"Soko limechezewa na wakubwa."
Nikauchana.
Nikaanza tena. "Nilinunua kwa sababu Renjitha kanunua."
"Sikuwa nimelala."
"Nilipopoteza mara ya kwanza, riali themanini,
nilitaka zirudi kabla ya alfajiri."
Hapo kalamu ikasimama, ikasimama sana.
Hapo ndipo penye kidonda.
Mengine yote ni usaha wake.

Miaka tisa sijampa mgonjwa heparini kwa kukisia.
Nampima uzito akiingia, nampima akitoka,
chupa naisoma mara mbili, namwita mwenzangu aisome ya tatu,
ndipo dawa inapita, tone kwa tone.
Na fedha zangu? Nilimimina chupa nzima
kwenye mshipa nisioujua,
halafu nikashangaa moyo umesimama.

Siku hizi naingia na riali tano.
Nazo nazipima. Nikikosea naandika
tarehe, saa, nilikuwa nimekula au sijala.
Jana zimekwenda baisa mia sita
nikacheka peke yangu kwenye basi la wafanyakazi.
Hasara yenye maelezo
si sawa na hasara bubu.

Ila kuna ukurasa sijaujaza.
Zile elfu na mia mbili zilikuwa msingi wa nyumba.
Zaituni, mdogo wangu, keshaongea na fundi,
keshavuta kamba kwenye kiwanja,
kila Ijumaa ananitumia picha ya vigingi vinne
na kuku wa jirani wakiparura katikati,
pale kitakapokaa kitanda changu.
Mara tatu nimemtupia visingizio:
benki, mtandao, mwezi ujao.

Huo nao ni mkopo wa mara ishirini.

Jumatatu namchomoa sindano Bwana Muhanna,
nabana pamba, nahesabu dakika.
"Je?"
"Imeshuka. Na mimi nilishuka nayo, zamani, sikukwambia."
Hakusema neno la maana.
Kauliza kama leo chai itakuwa na sukari.
Nikamwambia haitakuwa nayo.

Sasa nipo nje, maegeshoni,
joto la mchana bado limekalia mabati ya magari.
Nimebonyeza pale pa kurekodi sauti,
sekunde zinakwenda: mbili, tano, tisa,
na ninachosikika ni pumzi tu.

Zaituni,
fundi usimlipe.
Nisikilize mpaka mwisho.